Fulana zenye michoro: Mtaji ni ubunifu, si kitambaa

FULANA ya mikono mifupi, ambayo vijana wengi huiita tisheti, ni miongoni mwa mavazi ya bei nafuu zaidi madukani. Hata hivyo, fulana mbili zilizoshonwa kwa kitambaa kimoja, katika kiwanda kimoja na siku moja, zaweza kuuzwa kwa bei zinazotofautiana maradufu. Kinachozitenganisha ni mchoro au maneno yaliyochapwa kifuani.

Hapo ndipo ilipo siri ya biashara hii, ambayo imewavutia vijana wengi katika miji ya Kenya. Anayeuza fulana zenye michoro hauzi kitambaa, bali huuza wazo. Mnunuzi hulipa ili aonekane shabiki wa mwanamuziki fulani, mwana wa mtaa fulani au mcheshi asiyekosa la kusema.

Na kwa kuwa bidhaa yenyewe ni wazo, swali la kwanza ambalo mfanyabiashara anapaswa kujiuliza si bei ya wino wala ya mashine. Swali ni hili: wazo hilo ni mali ya nani?

VAZI LILILOGEUKA BANGO

Fulana ilianza kama vazi la ndani. Jeshi la Wanamaji la Marekani lilianza kuwapa mabaharia wake fulana nyeupe za pamba mnamo 1913 ili wazivae chini ya sare. Ilichukua miongo kadhaa kabla ya vazi hilo kukubalika hadharani. Sinema zilichangia pakubwa: Marlon Brando alionekana na fulana katika filamu ya A Streetcar Named Desire mwaka wa 1951, naye James Dean akafuata katika Rebel Without a Cause mwaka wa 1955. Vijana waliowatazama walitaka kuvaa kama wao.

Baadaye fulana iligeuka kuwa bango linalotembea. Mnamo 1977, msanii Milton Glaser aliunda nembo ya herufi chache na moyo mwekundu ya kutangaza utalii katika jimbo la New York. Nembo hiyo ingali inachapwa kwenye fulana hadi leo, na imeigwa na miji mingi duniani.

Kwa watu wa Afrika Mashariki, nguo inayosema si jambo geni. Kanga imekuwa ikibeba maandishi kwa zaidi ya karne moja, na mwanamke wa Pwani anapochagua doti dukani huangalia rangi, kisha husoma jina la kanga kabla ya kufungua mkoba. Kuna kanga ya kumpongeza bi harusi, kanga ya kumshukuru mama na kanga ya kumpasha jirani mchongezi bila kufungua kinywa. Kampuni ya familia iliyoanzishwa Mombasa mnamo 1887, na ambayo kanga zake hujulikana kwa chapa ya Mali ya Abdulla, imejipatia sifa kwa biashara hiyo.

Kwa hivyo, anayechapa fulana nchini anamhudumia mnunuzi ambaye tangu hapo amezoea kusoma nguo. Tofauti ni kwamba kanga hunong'ona, ilhali fulana huzungumza kwa sauti na wapita njia.

MBELE YA RUNDO LA MITUMBA

Mshindani mkuu wa fulana mpya ni mitumba. Katika masoko ya Gikomba jijini Nairobi, Kongowea mjini Mombasa na Kibuye mjini Kisumu, fulana kutoka ng'ambo humwagwa chini kwa marundo na kuuzwa kwa bei ambayo mchapaji wa humu nchini hawezi kuifikia. Nyingi huwa na michoro: timu za mpira wa vikapu, filamu za Hollywood, hata majina ya shule ambazo mvaaji hatawahi kuziona.

Anayejaribu kupambana na rundo hilo kwa kupunguza bei hushindwa kabla ya kuanza. Silaha yake ni kumpa mnunuzi kile ambacho mtumba hauna, yaani jambo linalomhusu.

Utamaduni wa mijini una hazina ya mambo hayo. Matatu za Nairobi ni mfano bora. Kanuni za usafiri zilizoanza kutekelezwa mnamo 2004, na ambazo wengi walizipa jina la aliyekuwa waziri, marehemu John Michuki, zilifuta michoro kwenye magari hayo na kuyavisha mstari wa manjano. Miaka kumi baadaye serikali ililegeza msimamo, na sanaa hiyo ikarejea kwa kishindo. Mkazi wa Buruburu huitambua nambari 58 kama jina la kwao, naye wa Ngong huitambua 111. Nambari tupu, ikichorwa kwa herufi za kupendeza, yaweza kuuza fulana kwa sababu mvaaji anaionea fahari.

Methali, vyakula vya kibanda, michezo ya utotoni na misemo ya Sheng ni chemchemi nyingine. Hata hivyo, Sheng huhitaji tahadhari. Neno linalovuma mwezi huu laweza kuwa limechakaa mwaka ujao, na shehena yenye neno lililochakaa haina mnunuzi. Methali huuza polepole, lakini haichakai.

Vivyo hivyo kwa matukio. Barack Obama alipochaguliwa kuwa Rais wa Marekani mnamo Novemba 2008, na Kenya ikatangaza siku ya mapumziko kusherehekea, fulana zenye sura na jina lake zilitapakaa kote nchini. Biashara ya aina hiyo ina msimu mfupi. Anayechapa mapema hupata faida, ilhali anayechelewa hubaki na mzigo.

PICHA YA NANI?

Njia rahisi zaidi ya kupata mchoro ni kupakua picha ya mwanamuziki, mwanasoka au mhusika wa katuni kutoka kwenye intaneti. Ndiyo njia inayotumiwa na wengi, na ndiyo yenye hatari kubwa zaidi.

Nchini Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 hulinda kazi ya sanaa mara tu inapobuniwa na kuwekwa katika hali inayoonekana, bila msanii kulazimika kuisajili. Ulinzi huo hudumu maisha yote ya msanii na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hivyo, picha kupatikana bure mtandaoni hakumaanishi kwamba haina mwenyewe.

Aidha, nembo za klabu za soka na kampuni za mavazi hulindwa kama alama za biashara. Chini ya Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ya mwaka 2008, anayepatikana na hatia kwa mara ya kwanza aweza kufungwa kwa muda usiozidi miaka mitano, au kutozwa faini isiyopungua mara tatu ya bei ya bidhaa husika, au adhabu zote mbili. Bidhaa zenyewe hunaswa. Kwa mchuuzi mwenye mtaji wa fulana mia moja, kunaswa mara moja tu kunatosha kufunga biashara.

Sura ya mtu nayo haichukuliwi kiholela. Mahakama za Kenya zimewahi kuwaagiza wafanyabiashara kulipa fidia kwa kutumia picha za watu kujitangazia biashara bila idhini yao.

Nchini Uingereza, kesi ya mwanamuziki Rihanna dhidi ya wamiliki wa maduka ya Topshop ingali funzo. Maduka hayo yaliuza fulana yenye picha yake iliyopigwa mnamo 2011 alipokuwa akirekodi video. Wauzaji walikuwa na kibali cha mpigapicha, lakini hawakuwa na cha Rihanna mwenyewe. Mahakama Kuu iliamua mnamo 2013 kwamba wanunuzi wangedhani msanii huyo ameidhinisha fulana hiyo, na Mahakama ya Rufaa ikaunga mkono uamuzi huo mnamo Januari 2015. Hivyo basi, idhini ya aliyepiga picha na idhini ya aliyepigwa picha ni mambo mawili tofauti.

Kuna pia alama za taifa. Sheria inayohusu bendera, nembo na majina ya taifa inakataza kutumia alama hizo kwa biashara bila idhini ya maandishi ya waziri. Wengi huchapa ngao ya taifa kwenye fulana bila kulifahamu hilo.

FUNZO LA 'HAKUNA MATATA'

Wakenya wana sababu ya pekee ya kulitilia maanani suala hili. Msemo wa 'Hakuna matata' ulikuwa ukitumiwa na wasemaji wa Kiswahili, na ukivuma miongoni mwa watalii kupitia wimbo Jambo Bwana wa bendi ya Them Mushrooms uliotoka mwaka wa 1982, kabla ya kampuni ya Disney kuutia katika filamu ya The Lion King mnamo 1994.

Mwaka huohuo wa 1994, Disney iliomba nchini Marekani kuusajili msemo huo kama alama ya biashara ya mavazi, zikiwemo fulana. Usajili ulikubaliwa mnamo 2003. Mnamo 2018 ombi la kuupinga lilisambazwa kwenye intaneti na kutiwa saini na zaidi ya watu 100,000, wengi wakilalamika kwamba lugha ya umma haifai kumilikiwa.

Ni vyema kuelewa kilichosajiliwa na ambacho hakikusajiliwa. Usajili huo haumzuii mtu kutamka maneno hayo, na alama ya biashara hufanya kazi katika nchi iliposajiliwa pekee. Mchuuzi wa Mombasa hafungwi na daftari la Marekani. Lakini Mkenya anayetumia intaneti kuwauzia wateja walioko Marekani huingia katika eneo la sheria ya huko, na maneno ya mama yake yaweza kumletea barua ya wakili.

Ikiwa kampuni ya mbali iliona thamani katika maneno mawili ya Kiswahili, basi mwenye lugha hana sababu ya kuiona lugha yake kuwa duni na kukimbilia picha za wengine.

KULINDA KILICHO CHAKO

Sheria inayomzuia mchapaji kunyakua kazi ya wengine ndiyo hiyohiyo inayomlinda. Anayebuni mchoro wake aweza kuusajili kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya (KECOBO) ili awe na ushahidi siku ya mgogoro. Jina na nembo ya biashara husajiliwa kwa Taasisi ya Kenya ya Mali ya Viwanda (KIPI). Mavazi huwekwa katika daraja la 25 la orodha ya kimataifa ya bidhaa, na usajili hudumu miaka 10, kisha huweza kufanywa upya kila baada ya miaka 10.

Kusajili jina la biashara na kusajili alama ya biashara si jambo moja. La kwanza humwezesha mtu kufungua akaunti ya benki na kuomba leseni ya kaunti. La pili humpa haki ya kumzuia mwingine kuitumia alama hiyo kwenye bidhaa za aina hiyo.

Wengi wasiojua kuchora humwajiri msanii. Sheria ya Kenya husema kwamba hakimiliki ya kazi iliyoagizwa humwendea aliyeiagiza, isipokuwa pande mbili ziwe zimekubaliana vinginevyo. Msanii asiyelijua hilo aweza kuuza kwa shilingi chache mchoro utakaochapwa maelfu ya mara. Mnamo 1970, mwanafunzi John Pasche alilipwa pauni 50 kwa kuchora mdomo na ulimi wa bendi ya Rolling Stones, nembo ambayo imekuwa mojawapo ya zile zinazotambulikana zaidi duniani. Alikuja kupata malipo zaidi baadaye, lakini si kila msanii hubahatika hivyo. Mkataba wa ukurasa mmoja, unaoeleza nani anamiliki nini, huwaepusha wote na ugomvi.

JINSI FULANA INAVYOCHAPWA

Mbinu ya kale na iliyo maarufu zaidi ni ya fremu na wavu. Wavu laini huwambwa kwenye fremu ya mbao au chuma na kupakwa dawa inayoganda inapopigwa na mwanga. Mchoro huchapwa kwa wino mweusi kwenye karatasi angavu, ukawekwa juu ya wavu na kumulikwa. Palipozuiwa mwanga na wino mweusi, dawa haigandi, na huoshwa kwa maji. Matundu yanayobaki ndiyo hupitisha wino hadi kwenye fulana, ukisukumwa kwa ubapa wa mpira.

Kila rangi huhitaji wavu wake. Ndiyo maana wabunifu wazoefu hupunguza rangi. Mchoro wa rangi mbili uliofikiriwa vyema hugharimu kidogo kuliko wa rangi sita, na aghalabu huonekana vizuri zaidi kwa mbali.

Wino wa plastiki unaotumiwa na wengi haukauki kwa hewa. Huhitaji joto la takriban nyuzi 160 za Selsiasi. Usipopata joto la kutosha, hupasuka na kubanduka baada ya kufuliwa mara chache, na mteja hasahau. Mchapaji mwangalifu huifua fulana ya kwanza mara kadhaa kabla ya kuuza ya pili.

Mbinu nyingine ni ya kukata karatasi ya vinaili na kuibandika kwa mashine ya joto, ambayo hufaa majina na nambari chache. Ipo pia ya kuchapa mchoro kwenye filamu maalumu na kuuhamishia kwenye nguo kwa joto, ambayo imeenea katika miaka ya 2020. Mbinu hizi hazihitaji wavu, kwa hivyo mtu aweza kuchapa hata fulana moja.

Si lazima anayeanza anunue mashine. Wengi hununua fulana tupu kwa jumla, kisha huzipeleka kwa wachapaji wenye vifaa na kulipia kazi. La muhimu ni kuwasilisha mchoro safi. Picha ndogo iliyonyakuliwa kwenye simu hutoka na ukungu. Wachapaji hupendelea mchoro uliotengenezwa kwa programu kama vile CorelDRAW, Illustrator au Inkscape, ambayo haina malipo, kwa kuwa mistari yake haivurugiki hata ikikuzwa.

HESABU KABLA YA KUCHAPA

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Biashara nyingi za fulana huanguka kwa hesabu, si kwa ubaya wa michoro.

Mathalani, iwapo mchoro una rangi tatu na kutengeneza kila wavu ni Sh800, gharama ya maandalizi ni Sh2,400. Zikichapwa fulana 12, kila moja hubeba Sh200 za maandalizi. Zikichapwa 100, kila moja hubeba Sh24. Fulana tupu ikiwa Sh350, wino na kazi Sh80, na mfuko Sh20, gharama ya fulana moja ni Sh650 katika kundi la 12, na Sh474 katika kundi la 100.

Mtu huvutiwa na kundi kubwa. Lakini fulana 100 zimemeza Sh47,400. Zikiuzwa kwa Sh900 kila moja, ni lazima ziuzwe 53 kabla ya kuona senti ya faida. Zikiuzwa zote, faida ni Sh42,600. Zikibaki 30, hushuka hadi Sh15,600, na humo bado hamjatolewa nauli, kodi ya kibanda wala muda wa mwenyewe.

Zinazobaki mara nyingi si zenye mchoro mbaya, bali zenye saizi isiyotakikana. Kugawa shehena sawasawa kwa kila saizi ni kosa la kawaida. Salama zaidi ni kuonyesha mchoro kwanza, kupokea maagizo na malipo ya awali, kisha kuchapa. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa mnamo Machi 2007, kupokea pesa za mteja aliye mbali kumekuwa jambo la dakika moja. Kinachohitajika ni uaminifu wa kutimiza siku iliyoahidiwa.

Kodi pia ina nafasi yake. Tangu Julai 2023, biashara yenye mauzo ya kati ya Sh1 milioni na Sh25 milioni kwa mwaka hutozwa kodi ya asilimia 3 ya mauzo. Kwa kuwa hutozwa mauzo na si faida, anayeuza kwa faida finyu huihisi zaidi.

FAIDA INAYODUMU

Mtu aweza kuuliza: kwa nini kujisumbua kubuni ilhali picha za mastaa huuzika haraka? Jibu limo katika hesabu hizohizo. Anayechapa sura ya staa hana haki ya kumzuia jirani kuchapa sura hiyohiyo kesho yake, na wote wawili watabaki kushushiana bei. Hawezi kusajili anachouza, hawezi kukipeleka katika duka kubwa linaloogopa mashtaka, wala hawezi kumrithisha mtoto.

Mwenye mchoro wake hulipia kuchora mara moja. Ukipendwa, huuchapa tena mwaka ujao, kwa rangi nyingine, kwenye kofia na mikoba, na aweza hata kuwakodishia wengine haki ya kuutumia. Usipopendwa, amepoteza wino na muda, lakini hana kesi.

Waama, nguo ya kuazima haisitiri maungo. Fulana yenye picha ya kunyakua yaweza kumlisha mchuuzi leo, lakini siku mwenye picha atakapobisha hodi, atabaki uchi. Mchoro wake mwenyewe, hata ukiwa wa rangi moja na maneno mawili, ni mali ambayo hakuna mwenye kuja kuidai.